Kofia ya jino ikichomoka usiku: jinsi ya kuirudisha kwa muda, na kwa nini supaglu ibaki kwenye viatu

Ilikuwa Ramadhani, saa mbili kasoro robo usiku, mkeka wa futari bado haujakunjwa. Simu ikaita. Mama mkubwa, kutoka Wete, Pemba.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Tende imenitoa jino."

"Jino zima, au ile kofia?"

"Kile kikofia cha gego. Ninacho kiganjani hapa, kimetoka pamoja na tende. Huyu mjukuu wangu ana supaglu ya kubandikia viatu, anasema anitilie tone moja tu kirudi. Mie nimemwambia asubiri kwanza nikuulize."

Alifanya jambo la maana sana kuuliza. Nimekuwa msaidizi katika chumba cha meno kwa miaka mingi. Nimeshika taa, nimekoroga simenti, nimewapokea watu waliokuja na kofia zao kwenye leso, kwenye kiberiti, hata kwenye kikombe cha maziwa. Wengi wa waliokuja na kofia mkononi walirudi nyumbani wakiwa nayo mdomoni siku ileile. Waliotutoa jasho ni wale waliokuja wakiwa wameshaibandika kwa supaglu. Baadhi yao walipoteza kofia, na wako waliopoteza jino lenyewe.

Nilikaa na mama mkubwa kwenye simu karibu saa nzima. Niliyomwelekeza ndiyo haya, na nimeongeza yale ambayo yeye hakuyahitaji lakini wewe huenda ukayahitaji.

Elewa kwanza ni nini kimetoka

Kofia ya jino, ambayo wengine huiita krauni au taji, ni ganda la chuma, dhahabu, kauri au zirkonia linalovishwa juu ya jino lililochongwa. Ili ganda hilo lipate nafasi ya kukaa, daktari hupunguza jino pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, na hapo huondoka enameli, yaani lile tabaka gumu la nje. Kinachobaki huitwa kisiki.

Kisiki hicho ni dentini tupu. Dentini ni laini kuliko enameli, huoza upesi zaidi, na ina vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoelekea kwenye neva. Ndiyo maana jino likiwa bado hai, kofia ikitoka unaweza kuruka kwa maji baridi, kwa chai, kwa sukari, hata kwa upepo ukivuta pumzi kwa mdomo. Jino lililokwisha kutibiwa mzizi halina neva, kwa hiyo haliumi. Hilo lisikupe raha. Nimeona watu wakikaa miezi mitano na kisiki wazi kwa kuwa hakiumi, na siku wanapokuja kimeshaoza hadi chini ya ufizi, hakuna tena pa kushikia kofia.

Kofia inaweza kutengenezwa nyingine. Kisiki hakuna fundi wa kukitengeneza upya. Kwa hiyo kila unachotaka kukifanya usiku huo, jiulize kwanza kitakifanya nini kisiki.

Kwa nini isiwe supaglu

Mjukuu wa mama mkubwa hakuwa mjinga. Gundi inabandika soli ya kiatu inayokanyaga lami mchana kutwa, itashindwaje na kijikofia? Na ni kweli kwamba madaktari wanazo gundi za ukoo huohuo za kufungia majeraha ya ngozi. Hili hebu tulielewe vizuri, maana marufuku bila sababu watu huivunja.

Jina la kikemia la supaglu ni sianoakrileti. Iligunduliwa mwaka 1942 na watafiti wa kampuni ya Kodak huko Marekani, akiwamo Harry Coover, walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Waliiacha kwa sababu ilinata kila ilipogusa. Ilikuja kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Siri yake ni kwamba haihitaji jua wala hewa kavu ili iwe ngumu, inahitaji unyevu. Unyevu kidogo tu wa kwenye kidole unatosha kuigandisha.

Sasa ipeleke mdomoni, mahali penye mate muda wote. Inaganda ndani ya sekunde chache, mara nyingi kabla kofia haijafika chini. Kofia inabaki imepinda au imekaa juu, na huwezi kuigeuza tena. Wakati inaganda hutoa joto, na kisiki chenye neva hai hakipendi joto. Ikigusa pamba inachemka zaidi, kiasi cha kuunguza, na pamba ndiyo kitu ambacho mtu angeitumia kukaushia. Ile ya dukani imetengenezwa kwa kemikali ya mnyororo mfupi, yaani yenye molekuli fupi, na inapochakaa huachia formaldehidi, ambayo huwasha na kuudhi nyama za mdomo. Zile za hospitali ni za mnyororo mrefu, zimesafishwa kwa kazi hiyo, na hupakwa juu ya ngozi, nje.

Liko na la mwisho, ambalo watu hawalijui. Hiyo gundi haidumu majini. Baada ya siku chache inavunjikavunjika pembeni, mate na chakula vinapenya chini ya kofia, na kofia inabaki imeshikilia sehemu moja tu. Mwenye jino anajiona amepona, kumbe chini kunaoza. Akifika kwetu, daktari analazimika kuikata kofia ili aitoe, au akifanikiwa kuitoa nzima anakuta ndani yake tabaka gumu kama kioo ambalo lisipoondolewa lote kofia haikai tena. Kazi ya nusu saa inageuka kuwa kofia mpya.

Marufuku hii inahusu pia gundi ya maji mawili ya kuchanganya, gundi ya mbao, na ile ya kucha za bandia, ambayo ni sianoakrileti vilevile.

Kama umekwisha kuitia, usivute kwa koleo. Iache ilivyo, nenda kwa daktari wa meno kesho yake, na umwambie waziwazi ulichotumia. Mdomo au vidole vikiwa vimegandana, loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni (kwa midomo, maji matupu na mate yako yanatosha), subiri, achanisha polepole kwa kuviringisha. Kukwanyua kunatoka na ngozi.

Angalia kofia kabla ya kuitia kinywani tena

"Mama mkubwa, kaa chini ya taa. Geuza hicho kikofia, tazama kwa ndani. Kiko wazi kama kikombe, au kuna kitu kimejaa?"

"Kiko wazi. Kuna utandoutando mweupe tu."

Hilo ndilo jibu nililolitaka. Kofia iliyo wazi kama kikombe, yenye mabaki ya simenti tu, ndiyo pekee unayoweza kujaribu kuirudisha nyumbani. Ukiona haya yafuatayo, usiirudishe:

Ndani kumejaa kitu cha manjano au kahawia kilicho kigumu. Hicho ni kisiki chenyewe, kimekatika kikatoka na kofia. Hakuna cha kushikia tena.

Kuna kijiti cha chuma kimechomoza chini yake. Hicho ni nguzo iliyokuwa imeingia ndani ya mzizi uliotibiwa. Ukiirudisha na kuing'ata vibaya, inaweza kuupasua mzizi, na mzizi uliopasuka kwa kawaida hung'olewa.

Kuna skrubu, au unakumbuka kwamba jino lako ni la kupandikizwa kwenye taya. Hilo hurudishwa kwa skrubu na vifaa vyake. Hata simenti ya muda usiitie.

Ni daraja, yaani meno mawili, matatu yaliyounganika. Hata hapo usijaribu, hasa upande mmoja ukiwa bado umeshika.

Kofia imepasuka, au kisiki ukikitazama kwenye kioo ni cheusi, kinabonyea, kinatoa harufu.

Mtu mwenyewe naye aangaliwe. Mtoto, mtu anayepaliwa mara kwa mara anapokula, aliyepata kiharusi, mwenye kifafa ambacho hakijatulia: hawa kofia yao iwekwe kwenye kopo, basi. Hatari ya kuivuta kwenye njia ya hewa ni kubwa kuliko faida ya kuwa nayo mdomoni kwa siku tatu.

Na kama shavu limevimba, kuna usaha, homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunauma, achana na habari za kofia. Nenda hospitali usiku huohuo. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi.

Kuhusu maziwa, niseme kidogo, maana yule mama aliyekuja na kikombe alikuwa amejitahidi kweli. Maziwa ni ya jino la asili lililong'oka zima na mzizi wake, labda mtoto kaanguka. Hapo mzizi una seli hai za kuokolewa, na kila dakika ina thamani. Kofia haina uhai. Ioshe, ikaushe, itie kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko. Usiifunge kwenye karatasi laini. Siwezi kuhesabu kofia zilizotupwa na wafagiaji wa nyumba zikiwa ndani ya karatasi laini.

Cha kubandikia: kipi cha kutafuta

Cha kwanza ni simenti ya meno ya muda. Maduka makubwa ya dawa mijini huwa nayo katika vipakiti vidogo vya kujihudumia, na watu wanaoishi Ulaya, Marekani au Ghuba huipata kirahisi zaidi. Soma maelezo ya pakiti. Iandikwe kwamba ni ya kofia au ya kuziba jino kwa muda. Nyingi huwa na oksidi ya zinki, na baadhi huchanganywa na yujenoli.

Hiyo yujenoli ni kitu chetu. Ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ile inayoipa karafuu ukali na harufu. Unga wa oksidi ya zinki ukikorogwa na yujenoli hugeuka kuwa kinyunga, kisha hukauka kikawa kigumu, na hutuliza neva ya jino. Madaktari wa meno duniani wameutumia mchanganyiko huu tangu karne ya 19. Siku yangu ya kwanza kazini nilifungua mlango wa chumba cha meno nikasikia harufu ya barabara za Pemba msimu wa kuanika karafuu, nikadhani kuna mtu ameleta gunia. Lakini usijaribu kuutengeneza mwenyewe kwa poda ya ngozi na mafuta ya karafuu ya dukani. Vipimo na usafi wake ni vingine.

Kuna mambo mawili kuhusu yujenoli. Kama kofia uliyonayo ni ile ya plastiki ya muda, uliyowekewa ukisubiri ya kudumu, yujenoli inaweza kuilainisha, hivyo tafuta simenti isiyo nayo. Pia huzuia baadhi ya simenti za kisasa za resini, zile za jamii ya plastiki, kukauka vizuri, kwa hiyo daktari ni lazima ajue kwamba uliitumia, ili akisafishe kisiki kabla ya kazi yake.

Cha pili ni gundi ya meno ya bandia, ile krimu ambayo wazee hupaka kwenye seti ya meno ya kuvaa na kuvua. Inashika kwa saa kadhaa, haidhuru kisiki, inatoka kwa maji. Kila siku unaiosha na kupaka upya.

Cha tatu, ukiwa huna chochote, ni mafuta ya mgando au dawa ya meno ya kawaida, utandu mwembamba tu. Haibandiki kwa maana ya kubandika. Inajaza nafasi, inapunguza hewa na maji baridi kufika kwenye neva, inaifanya kofia isicheze sana. Ukitumia hii, kofia itolewe kabla ya kula na kabla ya kulala, bila ubishi. Hivi ndivyo tulivyofanya na mama mkubwa usiku wa kwanza, maana duka la dawa lilikuwa limefungwa.

Jojo na nta ya mshumaa nimeona watu wakizitumia. Jojo lenye sukari unakilisha sukari kisiki kisicho na enameli. Nta haikai.

Namna ya kuirudisha

Tayarisha kila kitu kwanza mezani: kioo, taa (ya simu inafaa), mswaki laini, vijiti vya meno vya mbao, uzi wa meno, pamba au shashi safi, glasi ya maji ya uvuguvugu, na kitambaa kikubwa kitandazwe mapajani. Nawa mikono kwa sabuni. Keti wima, kichwa kimeinama mbele kidogo. Usilale chali wala usiegemee kitandani, kwa sababu kofia ikiteleza ukiwa umelala inakwenda kooni. Ukiwa umeinama inaanguka kwenye kitambaa.

Safisha kofia. Ikiwa unaoshea kwenye sinki, ziba tundu kwanza. Tumia maji ya uvuguvugu na mswaki, ukwangue simenti ya zamani taratibu kwa kijiti cha mbao. Sindano na kisu vinachuna ndani ya kofia na kuvunja kingo za kauri. Kipande kisichotoka kirahisi kiache, isipokuwa kama kinazuia kofia isikae. Usiichemshe, usiitie jiki.

Safisha kisiki. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Piga mswaki kisiki kwa upole, pitisha uzi pembeni. Damu kidogo ya ufizi si neno.

Jaribu kikavu. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapoparuka. Kabla ya kupaka chochote, ivishe kofia tupu. Gego lina mbele na nyuma, lina upande wa shavu na upande wa ulimi. Tazama jino la upande wa pili wa taya, linafanana na lako kama kioo, litakuongoza. Kofia ikielekea sawasawa, inazama yenyewe kwa kidole na unasikia imefika. Isipozama, usikandamize. Itoe, igeuze, jaribu tena.

Mama mkubwa ilimchukua mara nne. "Inakaa lakini inacheza kama kiti kibovu." Nikamwambia aigeuze nusu duara. Kimya kidogo, halafu akasema, "Ee! Imeingia."

Ikiisha kuzama, funga meno polepole. Meno mengine yote yanapaswa kukutana kama ulivyozoea. Kama lile la kofia linatangulia kugusa, hata kwa unene wa karatasi, kofia haijafika chini. Aidha kuna simenti ya zamani ndani, au ufizi umeingia katikati, au jino limeshasogea. Usiendelee ukiwa na kofia iliyo juu, kwa sababu kila ukitafuna utakuwa unaligonga jino hilo peke yake, na baada ya siku moja litauma kuliko lilivyokuwa halina kofia. Mara tatu nne ikigomea, iweke kwenye kopo.

Kausha. Weka vipande vya pamba pembeni ya jino, kati yake na shavu, na chini ya ulimi kama ni jino la chini. Futa kisiki kwa shashi, kausha kofia kwa ndani. Kuanzia hapa, pumua kwa pua.

Koroga kama pakiti inavyosema, kisha paka utandu mwembamba ndani ya kofia, kuzunguka kuta zake. Usiijaze. Wengi hujaza kwa kudhani simenti nyingi ndiyo nguvu, lakini simenti iliyozidi haina pa kwenda, inaibeba kofia juu.

Ivishe. Sukuma kwa kidole hadi isikike imefika, halafu funga meno uhakikishe yanakutana vilevile kama ulipojaribu kikavu. Yakikutana, ng'ata kipande cha pamba yenye unyevu, kwa nguvu ya kawaida, kwa dakika tano au kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yasipokutana, itoe haraka kabla haijakauka, futa, anza upya.

Ondoa mabaki. Simenti itakuwa imechungulia kwenye kingo; ikianza kuwa ngumu kama jibini, iondoe kwa kijiti. Pitisha uzi wa meno katikati, na ukishafika chini uachie upande mmoja, uuvute kwa pembeni. Ukiuvuta kuelekea juu unaing'oa kofia uliyoirudisha sasa hivi.

Siku za kusubiri

Usile kwa saa moja. Baada ya hapo tafuna upande wa pili. Uji, wali, ndizi za kupika, samaki, mikate laini. Acha miwa, karanga, bisi, nyama ya kuchoma, kashata, halua, jojo, na mama mkubwa akasononeka, tende. Chochote kinachonata kinavuta, na ndicho kilichoitoa kofia mara ya kwanza. Piga mswaki pale kama kawaida, tena kwa uangalifu zaidi.

Usiku, kama umetumia simenti na imeshika kweli, lala nayo. Kama ni krimu ya meno ya bandia, mafuta au dawa ya meno, itoe, iweke kwenye kikopo. Usingizini mtu hajui anachomeza.

Na ikimezwa? Ikiwa umeimeza bila kupaliwa, mara nyingi hupita tumboni na kutoka yenyewe. Hata hivyo mwone daktari, na ukiona tumbo linauma, kutapika au damu, nenda haraka. Lakini kama ulikohoa ghafla, ukakosa pumzi, au kifua kimeanza kulia kwa mluzi, hiyo huenda imeingia kwenye njia ya hewa. Hospitali mara moja, hata kama kikohozi kimetulia njiani. Kofia iliyokaa kwenye pafu huleta nimonia.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na tatizo la ini anaweza kutumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, akirudia baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Usiweke aspirini juu ya ufizi. Nimeona fizi zilizobabuka nyeupe kwa sababu hiyo. Mafuta ya karafuu yanasaidia, ila si matupu, maana yakiwa matupu yanaunguza. Tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya kupikia, chovya ncha ya pamba, gusa kisiki chenyewe, basi. Watoto wadogo wasipewe.

Muda wa kusubiri ni siku chache. Ukivuka wiki moja au mbili una tatizo jipya. Meno hayakai mahali pamoja. La jirani linaegemea penye nafasi, la juu linashuka, na kofia iliyokuwa inaingia kwa kidole inagoma kabisa. Kisiki nacho kinaendelea kuoza chini ya simenti ya muda, ambayo haikutengenezwa kuzuia hilo.

Ukifika kwa daktari wa meno

Nenda na kofia, hata kama imevunjika, na vipande vyake. Mweleze ilitoka lini, ulitumia nini, ilikaa siku ngapi. Usione haya hata kama ni supaglu. Anayejua kilichomo anajua cha kukitoa.

Muulize kwa nini ilitoka. Tende ni kisingizio tu. Kofia iliyoshika vizuri haing'olewi na tende moja. Huenda simenti ya zamani ilikwisha kuyeyuka taratibu, kisiki kilikuwa kifupi mno, kuna uozo chini, au mwenyewe unasaga meno usiku. Omba picha ya eksirei kama kuna shaka juu ya mzizi. Kuigandisha tena bila kujua sababu, utarudi palepale.

Kama kisiki ni kizima, ataisafisha kofia na kuirudisha kwa simenti ya kudumu, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kofia mpya. Kama kimeoza kidogo atakijenga kwanza. Katika vituo vingi vya kwetu kazi kubwa ya kila siku ni kung'oa, na mahali ambapo hawana vifaa vya kofia unaweza kuambiwa ung'oe tu. Kama hakuna uvimbe wala mzizi uliopasuka, una haki ya kuomba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ile yenye daktari bingwa wa meno. Omba kwa adabu, lakini omba.

Mama mkubwa alikaa siku nne. Usiku wa kwanza kofia ililala kwenye kikopo cha zafarani. Mchana aliivaa kwa krimu aliyoazimwa na jirani yake mwenye meno ya bandia, akaitoa kila jioni kabla ya futari. Siku ya tano alivuka Unguja. Daktari alikitazama kisiki, akakipuliza hewa, mama mkubwa akaruka kwenye kiti. "Neva iko hai," daktari akasema, "na kisiki ni kisafi." Ile kofia ikarudi mahali pake, ileile.